Kutafuta neno moja lenye tahajia kumi: Kiskoti na kompyuta

Kama we ni mtu wa kuandika programu za kutafuta maneno, Kiskoti kitakutoa jasho. Naongelea ile lugha ndugu ya Kiingereza, sio Kigaeli, watu huwa wanazichanganya sana. Kwenye sensa ya Uskoti ya 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanaiongea, ina mshairi wake Robert Burns, ina kamusi za kufa mtu, ila tahajia moja ya kufuatwa na wote haina mpaka leo. Neno lao la "nzuri" utalikuta guid, gude, gud, na ukipanda kaskazini mashariki, pande za Aberdeen, linakuwa gweed.

Sasa wengi wakiona hivyo wanakimbilia hesabu ya Levenshtein, ya 1965, ile ya kuhesabu ufute, uongeze au ubadilishe herufi ngapi ili neno hili liwe lile. Kwa makosa ya kuchapa iko poa. Kwa Kiskoti inakuingiza chaka. Hati za zamani kule sauti ya wh zinaiandika quh, kwahiyo what ni quhat. Toka quhat kwenda what ni hatua mbili: futa q, badili u iwe w. Haya, toka quhat kwenda that? Mbili vilevile! Kuna mbaya zaidi, quhilk ni whilk ya baadae (yani which ya Kiingereza) na ziko mbali kwa hatua mbili, wakati quhill, ambalo ni neno jingine kabisa lenye maana ya "mpaka", liko hatua moja tu toka quhilk. Mashine inakuchagulia jirani na kumwacha ndugu.

Kuna wanaosema basi tumia Soundex, ile ya Marekani iliyopewa hataza 1918 kwa ajili ya majina ya watu. Hii inatupa irabu na kubakisha konsonanti kwa namba, kwahiyo guid, gude na gweed zote zinatoka G300, safi, ila goat na gate, maneno mengine kabisa, nazo G300. Halafu herufi ya kwanza haiguswi, na Kiskoti hapohapo mwanzoni ndo kinapogeuka: quhat ni Q300, what ni W300, na fit ya Aberdeen (ndio, kule what inaitwa fit, wanasalimiana "fit like?") ni F300. Neno lilelile, makabati matatu.

Mi naona kinachofaa ni kuifundisha mashine tabia za waandishi wenyewe kabla ya kuhesabu chochote. Quh na wh ni kitu kimoja. U, v na w kwenye hati za zamani zinabadilishana, i na y pia, sch ni sh, ai ni sawa na a yenye e nyuma. Kwenye kuhesabu hatua, mabadiliko hayo yawe bure au bei chee, mengine yote yalipiwe kamili. Hata z ina kisa chake, kulikuwa na herufi ȝ ambayo wachapaji hawakuwa nayo wakaweka z, ndo maana jina Menzies wenyewe wanalitamka Mingis, sasa mwambie Soundex hayo.

Ila sheria ya f kuwa wh, ile ya fit ya Aberdeen, usiiachie kila mahali, maana itageuza kila fair na fower (nne) za Glasgow. Iwashe tu pale unapojua maandishi yametoka kaskazini mashariki, na hata huko fit ni "mguu" pia, wenyewe wana utani "fit fit fits fit fit?", yani mguu upi unaenea mguu upi. Hapo tahajia peke yake haina msaada, lazima uangalie maneno ya jirani.

Na kabla ya yote hayo anza na kamusi jamani. Dictionary of the Scots Language ipo mtandaoni bure tangu 2004, na juu ya maneno mengi imeorodhesha tahajia zake nyingine, kwahiyo mengi yanaisha kwa kutazama tu kwenye jedwali, algoriti unaiachia yale yaliyobaki.

Halafu usifute maandishi ya asili ukaandika "sahihi" juu yake. Hifadhi gweed kama gweed, pembeni weka alama kwamba ni ya familia ya guid, sababu mtu wa lahaja anayetaka kujua nani aliandika gweed na wapi, ukishaisawazisha huna cha kumpa.