Daraja la PCI ndani ya mashine pepe: madirisha, namba za basi na pale panapokwama

Wanafunzi wa kompyuta hapa Arusha, wawe Arusha Technical College au Nelson Mandela kule Tengeru, hawahitaji bodi ya bei kubwa ili kulielewa daraja la PCI, yaani kifaa kinachounganisha njia moja ya kadi za kompyuta (basi) na nyingine. Kompyuta mpakato yenye Linux na QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima, yaani mashine pepe) inatosha, na ukishapakua huhitaji bando tena. Ombi langu ni moja: usilichukulie daraja kama kadi nyingine tu. Kazi yake ni kuamua kipi kipite na kipi kizuiwe, na mashine pepe isipoiona kadi iliyo nyuma ya daraja, anza kukagua hapo.

Kwanza namba za basi. Katika eneo la usanidi, yaani rejista (visanduku vidogo vya namba) za kulipanga daraja, kwenye 0x18 hukaa namba ya basi la juu, 0x19 ya basi lililo nyuma ya daraja, na 0x1A namba kubwa kuliko zote zilizo nyuma yake. Basi la ombi la usanidi likilingana na namba iliyo kwenye 0x19, daraja linalifikisha kwa kadi. Likiwa juu ya hapo lakini halijapita 0x1A, linasukumwa kwa daraja linalofuata. Mengine yote linayaacha. Ukiandika kiigizaji chako mwenyewe, soma rejista hizi upya kila ombi linapokuja. BIOS (programu ya kwanza kuendeshwa mashine inapowaka) ikiwa inakagua mabasi huweka 0xFF kwa muda kwenye 0x1A, kisha huirekebisha ikishahesabu. Kiigizaji kilichohifadhi namba za mwanzo kitapotea njia hapo hapo.

Madirisha ya kumbukumbu, yaani anwani ambazo daraja huziruhusu kupita, ndiyo yanayowachanganya wengi. Mwanzo uko 0x20, mwisho 0x22, na kila dirisha hupimwa kwa vipande vya megabaiti 1 nzima. Tuseme mwanzo ni 0xFE00 na mwisho ni 0xFE10. Dirisha linaanzia 0xFE000000 na kuishia 0xFE1FFFFF, yaani megabaiti 2, kwa sababu biti 20 za chini za mwisho huhesabiwa kuwa 1 zote. Anayekomea 0xFE100000 anaipoteza karibu megabaiti nzima ya mwisho, na kadi iliyopangiwa humo inaonekana kwenye orodha lakini rejista zake hazisomeki. Mwanzo ukizidi mwisho, dirisha limefungwa: hiyo ni hali halali, usiitolee ujumbe wa kosa.

Kuna biti moja inayosahaulika sana: biti 2 ya rejista ya amri. Isipowashwa kwenye daraja lenyewe, kadi za nyuma haziruhusiwi kuandika kwenye kumbukumbu ya mashine, hivyo kadi ya mtandao inatambulika vizuri ila pakiti haziingii.

Intarapti (ishara ambazo kadi hutuma kuomba kuhudumiwa) nazo huzungushwa: jumlisha namba ya sloti na namba ya pini (INTA ni 0), ugawe kwa 4, uchukue baki. Sloti 3 yenye INTA inatokea INTD upande wa juu.

Kwa mazoezi, jaribu hii:

-machine q35 -netdev user,id=n1 -device pcie-root-port,id=rp1,chassis=1,slot=1 -device pcie-pci-bridge,id=br1,bus=rp1 -device e1000,netdev=n1,bus=br1,addr=1

Ndani ya mashine pepe, lspci (amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI) itaionyesha e1000, kadi ya mtandao, kwenye 02:01.0, na lspci -tv itachora mti mzima. Ukiongeza pcie-root-port nyingine kwa chassis na slot zile zile, QEMU inagoma na kosa -16. Badilisha slot, yaishe.

Usirundike madaraja ovyo. Nafasi ya I/O (anwani za kuzungumza na vifaa, tofauti na zile za kumbukumbu) ni kilobaiti 64 tu, na kila daraja linaloiomba huchukua angalau kilobaiti 4. Kwa hesabu ni 16, lakini vifaa vingine vya mashine vimeshakula sehemu yake, hivyo utaishia kama 10. Kama kadi zako zote ni za PCI Express, weka io-reserve=0 kwenye kila pcie-root-port na tatizo linaondoka, maana kadi hizo zinatakiwa kufanya kazi hata bila I/O.

Na kama unataka kuchomeka pcie-pci-bridge wakati mashine inaendelea kuwaka, upe mlango ulio wazi (pcie-root-port) bus-reserve=1 tangu mwanzo. BIOS hugawa namba za basi mara moja tu inapowaka. Bila hiyo akiba, daraja jipya litakosa namba ya kuwapa walio nyuma yake.