Udongo Uliokauka Kabisa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo yetu wiki hii ni Yeremia 18:1–6, Yeremia 19:1–11 na Ezekieli 37:11–14.

Habari ya nyumba ya mfinyanzi tumeihubiri sana, na karibu kila mara tunaishia pale chombo kilipoharibika mkononi mwa fundi, naye akakifanya kuwa kingine. Ni neno la faraja kubwa. Lakini tuangalie vizuri: chombo kile kiliharibika kikiwa bado kibichi, kiko juu ya gurudumu, na mikono ya fundi ina maji. Mimi nawawazia wale ambao chombo chao kiliharibika zamani. Kimekaa rafuni, kimekauka, kina ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Ndoa iliyovunjika miaka mingi iliyopita. Wito uliokataliwa ujanani. Ndugu aliyekuwa mwimbaji wa kwaya, akaacha, na sasa Jumapili akipita mbele ya kanisa anageuza uso. Je, huyo naye bado anafinyangika?

Baadhi yetu tunajifunza ufinyanzi katika karakana ya jamii hapa Moshi. Tumechanganyika: vijana waliomaliza shule, akina mama wa vikoba, wastaafu. Mwalimu wetu ni mama wa Kipare aliyepokea kazi hii kwa bibi yake, maana kule Upareni ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu enzi, na chungu hupandishwa kwa mikono mitupu, bila gurudumu. Pembeni ya chumba kuna pipa. Kila kilichopasuka kabla ya kuingia tanurini huishia humo. Wakati wa jua kali la Januari na Februari pipa hujaa upesi, kwa sababu mdomo wa chungu hukauka kabla ya kitako. Udongo ukikauka husinyaa, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, na upande mmoja ukitangulia kusinyaa, ufa unatokea. Ndiyo maana tunavifunika vyombo kwa nailoni, vikauke polepole.

Basi, mgeni akiambiwa aloweke udongo huo ili utumike tena, huchagua ule wenye unyevunyevu. Huona umekaribia kulainika, maji kidogo tu yatatosha. Mwalimu humkataza. Bonge la udongo lenye unyevu ukilitumbukiza majini, juu linakuwa utelezi, ndani linabaki gumu. Unaweza kuliacha siku kadhaa, ukalivunja ukakuta moyo wake uko vilevile. Vitundu vyake vimeshajaa maji yake ya zamani, na ule utelezi wa juu unaziba njia. Lakini udongo uliokauka kabisa, usio na unyevu hata chembe, ukiuweka majini unasikia sauti ya mchemko mdogo. Maji yanakimbilia ndani, hewa inatoka kwa mapovu, na chombo chote kinamomonyoka mbele ya macho yako hadi kuwa tope laini. Kwa hiyo kanuni ya karakana ni hii: kama kimeharibika na umechelewa kukirudia, kianike kikauke hasa, ndipo ukirudishe majini.

Nilipoliona hilo niliwakumbuka wale watu wawili waliopanda hekaluni kusali, katika Luka 18. Farisayo alikuja na unyevu wake: kufunga mara mbili kwa juma, zaka za mapato yote. Mtoza ushuru hakuwa na kitu. Alisimama mbali, akajipigapiga kifua, akaomba rehema, na ndiye aliyeshuka amehesabiwa haki. Katika Ezekieli 37 nyumba ya Israeli inalia kwamba mifupa yao imekauka na matumaini yamepotea. Mungu hawabishii kwamba ni wakavu. Anasema atatia roho yake ndani yao, nao wataishi.

Ndugu yangu uliyekauka, unayesema huwezi hata kuomba, nakuandikia wewe hasa. Ukavu wako si kizuizi. Naogopa zaidi kwa ajili yetu tusiokosa ibada, tunaolowa juu kila Jumapili, na ndani kuna bonge ambalo halijaguswa tangu kipaimara.

Kuna jambo jingine ambalo kanisa letu linahitaji kulisikia. Udongo ukishamomonyoka haufinyangwi siku hiyohiyo. Maji ya juu humwagwa, tope hutandazwa likazane, kisha hukandwa kwa nguvu, tena na tena, mpaka hewa yote itoke. Sisi mtu akirudi leo, Jumapili ijayo tumempa kipaza sauti ashuhudie, na mwezi unaofuata yuko kwenye kamati. Tunamharakisha, halafu akipasuka tunamlaumu. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba baada ya kuitwa alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na Yerusalemu alipanda baada ya miaka mitatu. Tuwape waliorudi nafasi ya kukaa benchi la nyuma, wakandwe na neno, bila kuulizwa maswali kila mlangoni.

Na Yeremia 19 tusiiruke, ingawa inauma. Huko nabii anaambiwa anunue gudulia la mfinyanzi, alivunje mbele ya wazee katika bonde la mwana wa Hinomu, na Bwana anasema halitatengenezeka tena. Tofauti ya sura hizi mbili ni moto. Tanuri likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na kuanzia hapo hata ukiuloweka mwaka mzima hauwi tope tena. Kwa hiyo Waebrania 3 inasema: “Leo, kama mtaisikia sauti yake, msifanye migumu mioyo yenu.” Wapo tunaowajua ambao bado wako rafuni, hawajafika tanurini, na siku zinakwenda.

Wiki hii kila mmoja wetu aje jumuiyani na jina moja la mtu aliyeacha kuja. Tutayaombea majina hayo, kisha tugawane wawili wawili twende kuwasalimu nyumbani, tukae nao, tunywe chai, na tusiwadai sababu.

Ee Bwana, wewe u mfinyanzi wetu, nasi sote tu kazi ya mikono yako. Wakumbuke hawa tunaokutajia kwa majina. Tupe sisi miguu ya kuwaendea na midomo isiyohukumu, na pale ndani yetu ambapo maji yako hayajafika, fika. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.