Bakteria anayejiyeyusha mwenyewe

Wanamaabara, tukumbushane kidogo kipimo cha nyongo, kinachotumika kumtambua bakteria wa nimonia. Bakteria huyo, Streptococcus pneumoniae, hubeba kimeng'enya chake chenyewe, LytA, kinachokata ukuta wa seli pale asidi ya N-asetilimuramiki inaposhikana na alanini. Chumvi ya nyongo hukichochea tu. Kazi ya kubomoa anaifanya bakteria mwenyewe.

Chukua koloni za usiku mmoja kutoka agari ya damu (chakula cha kuoteshea bakteria), zikoroge kwenye salaini (maji ya chumvi) mpaka ukungu wa maji ufikie 0.5 hadi 1 kwenye McFarland, skeli ya kupimia ukungu huo. Gawa mirija miwili, mililita 0.5 kila mmoja. Mmoja ongeza mililita 0.5 za sodiamu deoksikoleti ya 2%, ndiyo chumvi ya nyongo, mwingine salaini kiasi kilekile. Weka nyuzi 35 hadi 37, saa 2. Wa kwanza ukiwa angavu na wa pili ukabaki na ukungu, ndiye S. pneumoniae.

Wengi hukwama kwenye koloni zilizochakaa: kimeng'enya kimeshapotea, jibu linatoka hasi ya uongo, yaani mrija haung'ai ingawa bakteria ndiye. Ukizichemsha, umekiua kabisa. Salaini yenye asidi nayo huigandisha deoksikoleti, mrija ukajaa utandu. Na ule mrija wa salaini msiuruke, jamani! Ukiwa angavu nao, rudia kipimo.