Siku moja na Probox ya samaki

Saa 12 na nusu asubuhi. Naishi Mikindani, gereji iko Magongo. Si mbali, ila malori ya bandarini huamka kabla yetu na barabara huwa yao. Chai ya rangi na mahamri mawili kwa mama wa kona, basi. Mbaazi siagizi: mtu atakayeshinda chali chini ya gari hali mbaazi za nazi asubuhi.

Saa 1. Nafungua kontena, kijana anamwagia vumbi maji, nasukuma mashine nje. Hapo ndipo wapita njia husema, "Huyu ndiye yule wa kuchomelea mageti." Mageti sina habari nayo. Mimi nilikuwa fundi wa injini, mtu wa spana na oili, na kila gari lililonijia limeoza bodi nilimpelekea jirani. Yeye anakula pesa, mimi namshikia tochi. Ndipo nikaamua kutafuta mashine yangu.

Nilitafuta kuukuu. Mpya ya waya, ile inayosukuma waya wa kuchomelea kupitia bunduki na kufaa bati jembamba, ingenilia karo ya watoto. Ya kwanza niliyoonyeshwa, huko mjini, ilikuwa imepakwa rangi mpya inang'aa, na mwenye kuiuza akawa anaisifia hiyo rangi. Nikafungua mfuniko. Ndani ilinuka vanishi iliyoungua, na koili zilikuwa za aluminiamu, upande mmoja zimeanza kugeuka nyeusi. Nikasoma kile kibati cha nyuma: ampea 160, asilimia 20. Maana yake, kwa moto huo, katika kila dakika 10 utachoma 2, halafu 8 uisubiri ipoe. Muuzaji akanieleza kuwa asilimia hiyo ni ya stima inayookoa. Nikamwambia, "Ahsante ami, nitarudi."

Niliyoinunua niliipata kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana yake ya vitanda vya chuma. Mbaya kuitazama, gurudumu moja halipo, lakini koili ni shaba tupu, feni inazunguka, na alikubali nichome nayo palepale kabla sijatoa hata shilingi. Anayetaka kununua kuukuu nampa hilo tu: aende na kipande chake cha bati, aiwashe, achome robo saa huku anasikiliza. Ikiwa sawa inalia mfululizo, kama viazi karai vikiingia kwenye mafuta ya moto. Ikikatikakatika, huenda waya unateleza kwenye roli au ncha ya bunduki imelika, na hivyo ni vitu vya pesa ndogo. Ikinyamaza na kuanza kunuka, arudi nyumbani na pesa zake.

Saa 2 hadi saa 4. Tuktuk mbili, fremu zimepasuka palepale zinapopasuka siku zote, nyuma karibu na springi. Chuma chake kina unene wa kutosha, nikachukua ile mashine ndogo ya rodi ninayoazima kwa jirani, rodi ya 2.5, nikasafisha, nikachoma, wakalipa, wakaondoka. Wenye tuktuk hawana maneno. Kila dakika waliyosimama ni abiria wa mwenzao.

Saa 4 na robo akaingia mwenye Probox.

Gari lenyewe hubeba samaki kutoka pwani ya kusini. Barafu inayeyuka njiani, maji yake ya chumvi yanashuka chini ya zulia, yanaingia kwenye ule ubavu wa chini ya milango ambao ndani yake ni mtupu. Vile vitundu vya kutolea maji vimeziba kwa mchanga. Basi chuma kinaoza kuanzia ndani kuja nje, na siku unayoona kivimbe kimoja cha rangi, ujue ndani kazi ilikwisha zamani. Serikali hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, lakini likishatoka bandarini hakuna anayelihesabia tena miaka, na hewa ya chumvi ya Mombasa hailipumzishi hata lilale bila kazi.

"Fundi, hapa pana kitundu. Weka weldi kidogo, saa sita niondoke."

Nikachukua bisibisi, nikabonyeza pembeni ya hicho kitundu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nikasogea mbele kidogo, ikazama tena. Chini ya rangi kulikuwa na bodi fila, ule ujiuji unaokauka wa kusawazishia bodi, na chini ya bodi fila kulikuwa na gazeti lililokunjwa kujaza shimo. Lilikuwa bado linasomeka. Ukurasa wa tanzia.

"Sasa umenitobolea gari."

"Sikutoboa, bosi. Nimefunua."

"Lilikuwa zima nilipokuja."

Nikamwambia elfu 8. Akacheka, akatoa simu, akampigia mtu na kuiweka kwa sauti kubwa ili nami nisikie. Yule mtu akasema fundi wake anafanya hiyo kwa elfu 2. Nikauliza huyo fundi yuko wapi. Yuko Kilifi. Nikasema Kilifi si mbali, barabara nzuri.

Hakwenda Kilifi. Wateja wa sampuli hii huwa hawaendi popote. Akavuta kreti la soda, akaketi. Tukafunga kwa elfu 7, 4 mkononi na 3 jioni, na akaniletea kipande cha bati la paa alichokiokota nyuma ya kibanda cha jirani, eti tusinunue lingine. Nikakikataa. Bati la paa limepakwa zinki, na moshi wake mweupe ukiuvuta mchana, usiku unatetemeka chini ya shuka ukidhani ni malaria. Akasema, "Mafundi wa siku hizi waoga."

Kuanzia hapo mpaka karibu saa nane sikuwasha mashine hata mara moja, na hii ndiyo sehemu ya kazi yetu isiyoonekana. Apitaye barabarani huona cheche akadhani ndiyo kazi. Cheche ni mwisho wa kazi. Kwanza unachomoa nyaya za betri, moto usije ukaunguza vifaa vya umeme vya gari. Unatoa viti, unatoa zulia, na zulia hili lilikuwa limelowa na kunuka hata paka wa gereji wakaja kuliangalia. Chini ya gari linapita bomba la petroli. Unalifungua kwenye vishikio vyake, unalisogeza, unalifunika kwa gunia bichi. Ndoo ya mchanga karibu. Kijana amekaa upande wa ndani na chupa ya maji, kazi yake moja tu, kuangalia kisichotakiwa kuwaka.

Kisha grinda. Diski ilipogusa ule uozo, chumvi na magamba ya miaka yote vikapata moto pamoja. Sijui niieleze vipi harufu hiyo. Kijana alitoka nje, akarudi fulana ikiwa imefungwa puani. Nakata, mwenye gari anauliza, "Mpaka wapi, fundi?" Nakata tena. "Mpaka wapi?" Mpaka nikute chuma. Kitundu cha kupitisha kidole kikawa pengo la kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na hapo ndipo ukingo ukaanza kung'aa mweupe pande zote. Ukichomelea juu ya kutu, weldi inashika kutu, na kutu haijashika kitu.

Nikakata boksi la karatasi kwa umbo la pengo, nikalihamishia kwenye bati jipya la geji 20, nikalikunja kwa nyundo juu ya chuma cha pembe. Kulijaribisha, kulitoa, kulipunguza nywele moja, kulirudisha. Mgongo unakuwa umeshaanza kusema. Chapati na maharagwe nilikula nimesimama.

Saa nane na kitu nikavaa kofia. Tuko katika majira ya kusi, na gereji yetu ni uwanja mtupu. Mashine ya waya inapuliza gesi kuukinga moto na hewa. Upepo ukiipeperusha ile gesi, weldi inajaa vitundu, unaona imeshika na haikushika. Kwa hiyo tukafunga turubai pande mbili, na chini ya turubai hilo, na koti la weldi, na moto, utasahau kabisa kuwa nje kuna upepo.

Bati la bodi halifiki milimita 1. Ukivuta mstari mrefu unavyovuta kwenye geti linatoboka, na ukilikimbilia tundu linazidi kupanuka. Unapiga doti. Moja huku mwanzo, nyingine kule mwisho, ya tatu katikati, kisha unangoja, maana bati likipata moto mahali pamoja linajikunja, na likishajikunja halirudi. Jambo hilo nilijifunza kwenye boneti chakavu, jioni baada ya jioni, mpaka boneti ikawa doti tupu.

"Mbona umeacha? Umechoka?"

"Nasubiri ipoe."

"Si umwagie maji!"

Nikamweleza kuwa maji ya ghafla yanavuta bati na yanaweza kupasua weldi. Akasema weldi gani inaogopa maji, mbona meli. Sikuwa na jibu la meli. Mara tatu nikamwambia asiutazame moto, akae nyuma ya turubai. "Mimi nimezoea jua la baharini, fundi." Akazidi kuinama, macho wazi, anahesabu doti zangu.

Halafu stima ikakatika.

Ilikaa muda gani sijui. Malori yanapita, ndege inashuka uwanjani, mwenye Probox anapiga simu kwa watu wa samaki na kila mmoja anamwambia kuwa fundi ndiye anayemchelewesha. Iliporudi ilirudi dhaifu. Waya unatoka lakini moto hauyeyushi, unarundika tu vinundu juu ya bati. Nikazima. Bora kukaa kuliko kuchoma kitu kitakachoachia akiwa barabarani na mzigo. Alasiri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, na hiyo ndiyo robo saa nzuri kuliko zote za siku yangu.

Akapita mzee wa kuchomelea kwa gesi, yule fundi wa bodi wa zamani aliyenifundisha kushika mkono usitetemeke. Hakusalimia hata. Akapitisha ukucha kwenye doti, moja moja, akasema, "Hizi mbili rudia," akaenda zake. Kwa anayemjua, hizo ni sifa kubwa.

Stima ikapata nguvu, nikamalizia. Doti zikakutana. Grinda tena, praima, undakoti, nikazibua vile vitundu vya chini kwa msumari na kumimina oili ndani ya ubavu. Kijana akarudisha viti huku giza linaingia. Shingo haigeuki, kuna cheche iliyoingia ndani ya kiatu ikapata mahali pake kwenye kifundo, na mashati yangu yote sasa yana matundu ya ukubwa mmoja. Lakini nililala chini na tochi nikautazama ule ubavu, na siwezi kusema uongo, nilikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Mwenye gari aliutazama akasema, "Kumbe ilikuwa kazi ndogo." Akatuma elfu 2 kwa M-Pesa. Iliyobaki kesho, inshallah.

Nilikuwa nimeshalala simu ilipolia. Yeye. Macho yanamwasha, yanatoa machozi, anahisi yamejaa mchanga, mkewe amemwekea vipande vya viazi na havisaidii. Nikamwambia ni ule moto, hauumi papo hapo, unasubiri usiku. Asiyasugue, akae gizani, aweke kitambaa kibichi cha baridi, asubuhi aende kwa daktari wa macho. Akanyamaza, nikadhani amekata.

"Fundi," akasema, "kwenye ile elfu moja yako, si nitoe hela ya daktari?"