Damien Rice: aliacha mkataba, akaenda kulima mboga

Wabongo wenzangu hapa Dublin hunishangaa ninapomsifu Damien Rice, mwimbaji wa Ayalandi. "Yule wa kulialia na gita?" Ndiyo, huyo huyo. Nyimbo zake hazifai harusini, nakubali. Kinachonivutia ni namna alivyoiendesha kazi yake, maana nyumbani haupiti mwaka bila kusikia msanii na lebo yake wamefikishana pabaya kisa mkataba.

Rice amekulia Celbridge, mji mdogo wa Kildare, si mbali na hapa. Miaka ya 1990 alikuwa na bendi ya Juniper, wakapata kile ambacho kila kijana mwenye gita anakiota: mkataba na kampuni ya muziki ya PolyGram. Nyimbo zikatoka. Tatizo, kampuni ilikuwa na mawazo yake kuhusu muziki wa kutoa, naye alikuwa na yake. Akajitoa. Wenzake wakaendelea kwa jina la Bell X1, yeye akahamia Tuscany, Italia, akawa analima mboga, kisha akazunguka Ulaya akiimba mitaani kwa sarafu za wapita njia. Hebu mpigie mama simu umwambie umeacha mkataba wa muziki unalima mboga. Utaombewa kanisa zima!

Aliporudi Ayalandi, ndugu yake wa mbali David Arnold, mtunzi wa muziki wa filamu za James Bond, alimsaidia kupata vifaa vya kurekodia nyumbani. Sehemu hii wanaosimulia habari zake huipita haraka, mimi naona ndiyo yenyewe. Bila vile vifaa sijui kama tungemsikia. Albamu yake, O, ilitoka mwaka 2002 chini ya lebo yake mwenyewe: gita, selo, na sauti ya mwimbaji mwenzake Lisa Hannigan ambayo kwa masikio yangu ndiyo inayoibeba nusu ya kazi. Ilipanda taratibu hadi kumi bora Uingereza, na mwaka 2003 ikachukua tuzo ya Shortlist kule Marekani.

Ila bosi akiwa wewe mwenyewe, hakuna wa kukuharakisha. Albamu ya pili ilikuja 2006, ya tatu 2014. Yeye na Hannigan waliachana kikazi mwaka 2007. Mwaka uliofuata Hannigan akatoa albamu yake mwenyewe, Sea Sew, nayo ikaingia kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Mercury ya Uingereza.

Sasa wasiokuwa na ndugu mwenye vifaa wafanyeje? Mwaka 2022 serikali ya hapa ilianza mpango wa majaribio wa kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki kwa miaka mitatu. Waliotimiza vigezo walichaguliwa kwa bahati nasibu, na hakuna aliyedaiwa wimbo wala picha. Nilipomsimulia mdogo wangu wa Tanga, mpiga gita naye, alinyamaza kidogo, halafu akauliza nauli ya ndege ni shilingi ngapi.