Kusomea udaktari Lubumbashi huku unatafuta pesa

Anza na saa, pesa zifuate. Wiki ina saa 168. Kulala saa 7 kwa siku kunachukua 49. Weka 35 za masomo na maabara, 25 za kujisomea, 12 za njiani (anayekaa mtaa wa Ruashi na kwenda hospitali ya Sendwe hatabisha), 20 za kupika, kufua na kuchota maji. Zinabaki 27, na humo bado kuna ibada, msiba, malaria, na jioni ambayo umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, umekatika. Saa 12 za kazi kwa wiki ndizo mwisho. Ukipita hapo, unakopa kwenye usingizi.

Kazi nzuri kwako ni ile unayoweza kuihamisha siku, hata ikilipa kidogo. Kufundisha kemia na biolojia watoto wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni mfano mzuri: vijana 4 au 5 pamoja, Jumamosi, kwa muda wa saa mbili. Unajikumbusha na kemia yako mwenyewe. Kinachoharibu ni wazazi wa "mwisho wa mwezi". Dai malipo kabla ya kila vipindi vinne.

Kibanda cha M-Pesa au Airtel Money kinaonekana chepesi, lakini kinahitaji mtaji pande mbili, pesa taslimu na pesa ya kwenye simu, tena kwa franka na kwa dola. Upande mmoja ukiisha, wateja wanaenda kwa jirani. Na wateja wengi huja saa zile zile uko darasani, kwa hiyo utamwachia mtu namba ya siri. Usifanye hivyo.

Kuna kazi moja ya kukataa kabisa: zahanati ya mtaani inayokuvalisha blauzi nyeupe, koti la daktari, usiku na kukuita dokta. Hujaapishwa, hujaandikishwa kwenye Chama cha Madaktari, na kwinini, dawa ya malaria, ikitiwa kwenye mshipa haraka mno inaweza kushusha sukari au kuvuruga mapigo ya moyo wa mtoto wakati mwenye zahanati amelala kwake. Likitokea la kutokea, jina lililo kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, ni lako. Kushika rejista ya mapokezi pale pale, sawa. Kuandika dawa, hapana.

Staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, ikianza, hesabu yote ya juu inavunjika. Zamu za usiku zinapangwa na wengine na zinabadilishwa bila kukuuliza. Hapo punguza kazi hadi Jumamosi peke yake, au isimamishe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na ndiye anayejichoma sindano akirudisha kifuniko. Kwa hiyo pesa za kwanza za kazi ziende kwenye chanjo ya hepatitisi B, dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Anza mapema, kabla ya staji. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa papo hapo: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinamezwa siku 28.

Kusoma vipande vipande kunawezekana ukitumia AnkiDroid, programu ya simu ya kadi za maswali na majibu, ya bure, haihitaji intaneti ukishapakua kadi. Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, usijipe kadi mpya 50 kwa siku. Kadi 20 tu zitakuletea, baada ya wiki kadhaa, marudio karibu 200 kila siku. Kwa sekunde 8 kila moja ni kama dakika 27, zinaishia kwenye teksi. Ukiruka siku tatu zinakuwa 600 na utaifuta programu. Simamisha kadi mpya mpaka mlundikano uishe.

Minervali, yaani ada ya chuo, hesabu yake ni dola na wewe unalipwa franka, basi badilisha kila unapolipwa, hata dola 10. Kagua kingo za noti kabla hujaondoka mezani kwa kambisti, mbadilisha pesa, maana iliyochanika kidogo tu inakataliwa. Na bodero ya benki, risiti ya malipo, ipige picha siku ile ile: majina hupotea kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, na bila karatasi hakuna atakayekusikiliza.