Baiskeli ya mlimani ya kimo changu

Nina urefu wa sentimita 154. Kwa mwanamke wa kimo hicho anayetaka baiskeli ya mlimani, maduka yana majibu mawili: ya mtoto wa shule, au ile kubwa ambayo ukitaka kusimama lazima uiinamishe ubavu na kuruka. Nimeendesha hiyo kubwa miaka mingi hapa Lushoto. Mabega yaliuma kwa sababu usukani uko mbali, magoti yakauma kwa sababu mikono ya pedali ni mirefu, na kwenye mteremko nilikuwa mzigo tu unaobebwa. Nilipopata kazi ya uhakika nikasema sasa naunga yangu, kipande kwa kipande.

Nilijiwekea sharti moja: kitakachokatikia njiani kiweze kutengenezwa na fundi wa kijiji kinachofuata. Sharti hilo ndilo lililochagua vipuri, na lilinigombanisha na kila kijana anayejua baiskeli kwa kuangalia video.

Fremu niliipata Dar, mtumba, ya chuma, inchi 14. Bomba lake la juu limeinama kiasi kwamba nikisimama nyayo zote mbili zinakaa chini. Wenzangu walitaka nitafute ya aluminiamu kwa wepesi wake. Lakini chuma kikipasuka, mchomeleaji mwenye kujua kazi anaweza kukiunga ukarudi nyumbani. Aluminiamu huku kwetu ukimpata mtu wa kuichomelea vizuri, shukuru Mungu. Rangi ilikuwa kijani iliyobabuka. Sikuipaka nyingine. Ya nini, wakati mawe yataibabua tena?

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye magurudumu. “Dada, siku hizi ni inchi 29, hizo 26 zimepitwa.” Sawa, 29 linapita juu ya mawe kwa ulaini, sikatai. Lakini kwenye fremu ndogo, ukikata kona, kidole cha mguu kinaweza kugusa tairi la mbele. Halafu kuna habari ya tairi. Watu hudhani 29 likipasuka utaazima la baiskeli ya Foniksi ya 28, kwa kuwa namba zinafuatana. Chukua futi ya kupimia: pale tairi linapokalia ringi, 29 ina kipenyo cha milimita 622, na ile 28 ya Foniksi ina milimita 635. Yaani 28 ndiyo kubwa! Tairi moja haliingii kwenye ringi ya nyingine hata ulipigie magoti. 26 ya mlimani ni 559, na tairi zake na tyubu zake nazipata Mombo, Soni na hapa mjini. Nikanunua ringi za 26, zenye matundu 32.

Foki nikaweka ngumu, isiyo na shokapu. Shokapu ni tamu ikiwa mpya, ila sili zake zikianza kuvuja mafuta utaisafirisha kwa basi kwenda kutafuta wa kuihudumia. Kazi yake nimeipa tairi pana la inchi 2.35 lenye upepo mdogo. Breki ni za diski, lakini za waya, si za mafuta. Mbele kuna sproketi moja tu ya meno 30, nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi za meno 11 hadi 42. Kwa gia nyepesi kabisa, mzunguko mmoja wa pedali unanisogeza kama mita moja na nusu: mwendo wa kobe, ila sishuki kusukuma. Mikono ya pedali ni ya milimita 165 badala ya 175 niliyoizoea. Usukani ulikuja na upana wa milimita 740, nikaukata kwa msumeno wa chuma hadi 680, nusu ya pungufu kila upande.

Kuunga magurudumu nilimpelekea mzee mmoja fundi ambaye amekaa na Foniksi tangu ujana wake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umeniletea mifupa leo?”

Alizipanga spoku bila kuangalia karatasi yoyote, kila moja ikivuka tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Gurudumu la nyuma ndilo lililomkalisha. Upande wa kaseti spoku ni fupi kidogo na lazima zikazwe zaidi, la sivyo ringi haikai katikati ya fremu. Hakuwa na stendi ya kunyooshea: aliipindua fremu, akashika chaki karibu na ringi, akazungusha, chaki ilipogusa ndipo palipokaziwa. Kisha akawa anazikwanyua spoku kwa ukucha moja moja, upande mmoja kwanza, halafu mwingine, akisikiliza mlio. Iliyolia chini ya wenzake ilipewa robo mzunguko wa kinati. Mwisho akazikamata mbili mbili kwa viganja na kuzibana kwa nguvu, zikalia ka-ka-ka, akanyoosha upya. “Zikae mahali pake sasa hivi,” akasema, “zisije zikakaa ukiwa bondeni.”

Tulipofika kwenye beringi za usukani tulibishana. Yeye amezoea nati ya kufunga na ya kuzuia, hii ya kisasa ina skrubu moja juu. Nikamwonyesha kwamba skrubu ile huondoa mchezo tu. Kinachoshika ni boliti za shingo ya usukani, ambazo hukazwa baada yake. Akaitikisa baiskeli, breki ya mbele ikiwa imeshikwa, akahisi hakuna kugonga, akakubali kwa kichwa. Kwenye ekseli ya pedali sikuwa na la kumwambia: alijua kuwa kikombe cha kulia hufungwa kinyume. Bomba la foki tuliliacha refu, na pete za kuinulia usukani juu yake, mpaka niendeshe kwanza.

Breki mpya za diski hazishiki mara moja, kwa hiyo nilianzia pahali tambarare: nakimbiza, nabana hadi karibu kusimama bila kuliburuza gurudumu, naachia, narudia. Taratibu ule mkwaruzo ukageuka mvumo, na mkono ukaanza kuheshimiwa. Ndipo nikaelekea Magamba, kwenye msitu wa hifadhi.

Kupanda kulinishangaza. Kwa sababu usukani uko karibu, nilikaa wima kidogo nikipumua vizuri, na gurudumu la mbele halikutangatanga hata pale penye mwinuko mkali. Malori ya kabichi yalinipita, utingo mmoja akapiga kelele, “Mama, hiyo ni ya mwanao?” Nikamwacha aende.

Msituni sikuingia, maana hifadhi ina kibali chake na malipo yake. Nilikunja kwenye vijia vya mashambani. Udongo ule mwekundu ulikuwa umelowa. Kwenye baiskeli yangu ya zamani, mteremko kama ule niliushuka kwa miguu nikiwa nimeishika kwa masikio. Safari hii nilishusha kiti, nikapeleka makalio nyuma hadi karibu ya tairi, vidole viwili kwenye breki. Nyuma iliteleza kidogo kwenye mzizi, ikarudi yenyewe. Foki ngumu ilinitwanga viganja, hilo siwezi kuficha, na penye kokoto kubwa meno yaligongana. Nikapunguza upepo kwenye tairi la mbele, hali ikawa afadhali.

Niliporudi mzee alikwanyua tena spoku zote, akakaza chache za nyuma. Tukatoa pete moja chini ya usukani, kwa kuwa niliona naweza kuinama zaidi, kisha tukakata bomba la foki. Sasa natafuta keria ya kuingia kwenye fremu ile, maana mama ameshauliza kama itabeba karoti za gulio.